Kutoka Uzunguni hadi Goba: Mpaka Ambao Dar es Salaam Haikuufuta

Mwishoni mwa masika yaliyopita, jirani yangu wa bondeni, mama mjane anayeishi na wajukuu watatu, aligonga geti langu saa kumi na mbili asubuhi. Maji yalikuwa yameingia ndani kwake usiku. Hakuja kulalamika, alikuja kuazima koleo. Tulipokuwa tukikwangua tope sebuleni kwake ndipo nilipoona jambo ambalo nilipaswa kuliona miaka mingi nyuma: maji yale yalikuwa yametoka kwangu. Nilipojenga hapa Goba niliinua msingi, nikamwaga kifusi, nikazungusha ukuta. Mkondo mdogo uliokuwa ukipita kwenye kona ya kiwanja changu haukubakiwa na pa kupita isipokuwa kwake.

Ninafundisha historia chuo kikuu, na kila mwaka huwaeleza wanafunzi jinsi wakoloni walivyoigawa Dar es Salaam. Huwaonesha ramani, wakanung'unika, kisha tukaenda zetu kana kwamba habari ile imekwisha. Asubuhi ile, nikiwa na tope hadi magotini, niliona kwamba haijakwisha, na kwamba mimi pia nina mkono wangu ndani yake. Makala haya ni jaribio la kuisimulia upya.

Sheria iliyozungumza kuhusu nyumba

Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Ulifufuka mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo walitoa amri ya ujenzi iliyopanga aina ya nyumba inayoruhusiwa katika kila sehemu. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliurithi mtazamo huo, na katika miaka ya 1920 wakaukamilisha kwa kuugawa mji katika kanda tatu.

Ninawaomba wanafunzi wangu wazingatie lugha ya kanda hizo. Ilizungumza kuhusu nyumba. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za mtindo wa Ulaya. Ya pili ya majengo ya kudumu ya biashara na makazi. Ya tatu ya nyumba za wenyeji, za udongo, miti na makuti. Ofisa aliyebanwa angeweza kudai kwamba hakuna mtu anayebaguliwa kwa rangi, kwa kuwa anayeweza kujenga nyumba ya viwango angeruhusiwa kuijenga. Wananchi hawakudanganyika. Waliziita kanda hizo kwa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa ukanda mtupu, ambao ndio viwanja vya Mnazi Mmoja vya leo. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya, kwamba nafasi ile ingezuia magonjwa yasivuke. Hata hivyo, anayeogopa magonjwa ya kweli huanza na maji safi na mifereji, na huduma hizo ndizo zilizogawanywa kwa kanda. Uzunguni bomba liliingia ndani ya nyumba na barabara ilikuwa na mfereji wake. Uswahilini watu walipanga foleni kwenye bomba la mtaa, na mvua ikajitafutia njia. Huduma haikumfuata mtu wala hitaji lake. Ilikifuata kiwanja alichosimama. Kanuni hiyo imeishi muda mrefu kuliko serikali iliyoibuni.

Nyumba ya vyumba sita

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichokuwa na kambi yake hapo. Baada ya vita eneo hilo, lililokwisha kupimwa kwa mitaa iliyonyooka, likawa moyo wa mji wa Waafrika. Nyumba yake ya kawaida sote tunaifahamu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na nyumba ya namna hiyo, aliyoijenga kidogo kidogo kwa fedha za vitumbua na za mumewe aliyekuwa kuli bandarini. Chumba kimoja alikaa yeye, na kingine watoto. Vilivyobaki alipangisha. Baba yangu huwataja wapangaji wa utotoni mwake kama ndugu: karani wa posta, mshona viatu, kuli mwenzake babu, na mwalimu kutoka Songea aliyemfundisha kusoma saa kabla hajaanza shule. Wote walitumia choo kimoja. Wote walichota maji bomba moja.

Nisieleweke vibaya. Sisimulii pepo iliyopotea. Vyumba vilijaa watu kupita kiasi, watoto waliugua malaria na kuhara, na serikali ya kikoloni ilitosheka hali ibaki hivyo. J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyeupima mji huu katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliueleza umaskini huo kwa undani. Lakini yapo mambo mawili ambayo mgawanyo wa kikoloni uliyazaa bila kuyakusudia.

La kwanza, uliwaweka pamoja watu wa vipato tofauti. Karani mwenye elimu hakuweza kuhamia Oysterbay, hata angetamani. Alibaki nyumba moja na kuli, akinywa maji yaleyale na kukanyaga tope lilelile. La pili, kwa sababu shida ilikuwa moja, malalamiko yalipata watu wa kuyaandika na watu wa kuyasimamia. Makuli walipogoma mwaka 1947, mgomo ulienea mbali na bandari. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa Kariakoo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Na ukanda ule mtupu, ulioachwa ili kuwatenga watu, ndio uliogeuka kuwa uwanja wao wa mikutano. Leo Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama pale.

Rangi ikaitwa msongamano

Mabadiliko ya kwanza ya jina yalifanyika kabla ya Uhuru. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya wahandisi ya Uingereza, haukuhitaji kutaja rangi. Uliongea kitaalamu: maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Ukiziweka ramani mbili juu ya meza, utakuta kwamba msongamano mdogo ni Uzunguni, wa kati unaifuata Uhindini, na mkubwa ni Uswahilini.

Istilahi hiyo ilivuka mwaka 1961 bila jasho. Sidhani kwamba viongozi wetu wa mwanzo walikuwa na nia mbaya. Walifanya makubwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Hatua ya mwisho iliitikisa Uhindini hadi msingi, na wapo waliodhulumiwa katika utekelezaji wake. Lakini ramani ya huduma haikuguswa. Nyumba za Oysterbay zilibadilisha wakazi, viwanja vyake vikabaki na upana uleule, na bomba lake likabaki na nguvu ileile. Mwafrika mwenye cheo alihamia Uzunguni. Uzunguni haikuhamia kwa Waafrika.

Wakati huohuo mji ulikuwa unafurika. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi 272,821. Sensa ya 1978 ilihesabu 843,090 katika mkoa. Mipango mikuu mipya iliandikwa mwaka 1968 na 1979, lakini watu hawakuwa na muda wa kuisubiri. Na katikati ya ongezeko hilo, serikali za miji zenyewe zilivunjwa katika sera ya madaraka mikoani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Takataka zilikosa mwenyewe, mifereji ikaziba, na kipindupindu kilipoingia nchini mwishoni mwa muongo huo kilikuta njia nyeupe. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978.

Jaribio moja la zama hizo linastahili heshima kuliko linavyopewa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali iliacha kubomoa makazi ya wanyonge, ikaanza kuyaboresha na kupima viwanja vyenye huduma. Manzese ilipata barabara na maji. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa. Kwa mara ya kwanza, huduma ilitangulia nyumba. Tatizo ni kwamba viwanja vichache vikigombewa na wengi, mwenye uwezo hushinda. Sehemu kubwa ya Sinza, iliyokusudiwa kwa watu wa kipato cha chini, iliishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati. Jambo lililowezekana Sinza lingepaswa kurudiwa mara ishirini. Fedha ziliisha, mradi ukafungwa, na katika miaka ya 1980 mji ulibaki ukijijenga wenyewe.

Msongamano ukaitwa bei

Mabadiliko ya pili ya jina nimeyashuhudia mwenyewe. Soko huria lilipoingia, ardhi ikawa mali ya kutajiwa bei waziwazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitambua kwamba ardhi ina thamani, jambo la haki kabisa kwa mkulima au mama wa mjini anayefukuzwa bila fidia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi wake, zikiwamo zilizokuwa kwenye maeneo bora ya jiji. Katika kipindi hichohicho ulikuja mradi wa viwanja 20,000, uliopima Mbweni, Bunju, Kibada, Toangoma na kwingineko. Ulikuwa mradi mzuri kwa mwenye fedha taslimu.

Bibi alikuwa amekwisha kufariki wakati huo. Warithi tulikuwa tisa, na dalali alikuja na mteja aliyetaka kujenga ghorofa. Tulikaa kikao ukumbini, palepale wapangaji walipokuwa wakitandika mkeka. Shangazi yangu mkubwa alisema neno moja tu: "Mkiuza, mtaonana wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nilitia saini, na kwa fungu langu nikanunua kiwanja Goba kwa mwenyeji, kwa karatasi iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Wapangaji walipewa miezi mitatu. Sikuuliza walikokwenda.

Leo pale pana jengo refu, chini fremu za maduka, juu stoo za mizigo. Hakuna ua wala baraza. Nyumba nyingi za Kariakoo zimepita njia hiyo. Mitaa na mitaro iliyochimbwa kwa ajili ya nyumba za chini imebebeshwa maghorofa, na mara nyingine hata jengo lenyewe halihimili. Tulilia mwaka 2013 ghorofa lilipoanguka katikati ya jiji. Tukalia tena Novemba 2024, safari hii Kariakoo kwenyewe.

Waliosukumwa na bei hawakwenda mbali wote. Wengine waliteremka bondeni, mahali pekee karibu na kazi ambapo chumba kilikuwa bado rahisi. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini yaliua watu zaidi ya 40. Manusura wa Jangwani na mabonde mengine walipelekwa Mabwepande, mbali kabisa na bandari, soko na vibarua vyao. Baadhi walirudi bondeni. Tuliwaita wakaidi. Tungefanya hesabu ya nauli ya mtu anayeishi kwa kipato cha siku, tusingewaita hivyo.

Kila mtu na boza lake

Nimefika sasa kwenye hoja ambayo ramani peke yake haiwezi kuionesha. Tumezoea kusema kwamba hali ya maisha jijini imeshuka kwa sababu watu wameongezeka. Ni kweli wameongezeka: sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa. Lakini idadi haielezi kwa nini hata sisi wenye mishahara tunaishi vibaya. Makadirio yanayotumiwa mara kwa mara ni kwamba takribani asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Asilimia hiyo si ya maskini peke yao. Humo wamo mahakimu, madaktari, maofisa wa wizara na wahadhiri wa historia. Goba, Kinyerezi, Kimara, Mbezi: nyumba nzuri zenye vigae na mageti, zisizo na mfereji wa maji ya mvua wala bomba la majitaka. Ukiziangalia kwa huduma, si kwa vigae, ni Uswahilini.

Tofauti ni kwamba kila mmoja wetu amenunua njia yake ya kutoka. Maji yakikatika, naita boza. Umeme ukikatika, jirani anawasha jenereta. Shule ya kata ikijaa, tunapeleka watoto shule binafsi. Mvua ikinyesha, tunainua msingi na kuongeza ukuta. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ni ya busara. Zikijumlishwa, zinazalisha jiji ambalo watu wenye kalamu, simu za wakubwa na nafasi ya kusikilizwa hawana tena sababu ya kudai bomba la wote. Karani wa posta aliyeishi kwa bibi hakuwa na boza la kuita. Ndiyo maana aliandika barua ya malalamiko ya mtaa mzima, na kuli akahesabiwa ndani yake.

Hapo ndipo ninapouona mporomoko wenyewe. Wakoloni walitutenga kwa nguvu wakatuacha na shida moja. Sisi tumejitenga kwa hiari, na shida yetu tumeigawa vipande, kila mtu akabeba chake hadi nyumbani. Mwenye nacho analipa mara mbili, kodi na boza. Asiye nacho hulipa zaidi kwa ndoo moja kuliko Oysterbay wanavyolipa kwa maji ya bomba, kisha hupokea maji tuliyoyafukuza sisi.

Tufanye nini?

Kwa wanafunzi: someni ramani za mji wenu kama mnavyosoma hotuba. Tafuteni mpango wa 1949, uwekeni juu ya ramani ya mabomba ya leo, kisha niambieni ni nini kilichobadilika. Tasnifu kumi za namna hiyo zingetufaa kuliko mia za kurudia nadharia.

Kwa wanaharakati: tumetumia nguvu nyingi kudai hati na leseni za makazi, na ni haki. Lakini hati haimwondolei mtu maji sebuleni. Daini mifereji na njia za umma kabla ukuta wa mwisho haujajengwa, kwa sababu kila mwaka unaopita fidia inapanda na njia inaziba. Udongo upate ungali maji.

Kwa watumishi wa umma, ambao wengi ni majirani zangu: mnajua kwamba makazi mapya yanaota kila siku pembezoni mwa jiji, na mnajua yanaelekea wapi. Kupima barabara, njia ya maji na uwanja wa shule kabla ya kuuzwa kwa kiwanja cha kwanza si anasa. Tulilifanya Sinza tukiwa nchi maskini kuliko tulivyo leo. Kuwarudisha watu pale walipoondolewa nako kunawezekana: Magomeni Kota, baada ya miaka mingi ya kusubiri, kaya 644 zilijengewa makazi palepale, na yakazinduliwa mwaka 2022. Ni kaya chache katika jiji la mamilioni, lakini zinaonesha kwamba kuhamishiwa mbali si sheria ya maumbile.

Na kwangu mwenyewe: mwezi uliopita tuliitisha kikao cha mtaa kuhusu mfereji. Kaya zaidi ya sitini zilialikwa. Walikuja watu saba, akiwamo mama wa bondeni, aliyekaa nyuma na hakusema neno. Mhandisi wa manispaa alituchorea mstari ambao maji yanapaswa kupita. Unakata kona ya kiwanja changu, mita moja na nusu ndani ya ukuta. Nimeuliza fundi bei ya kuubomoa upande huo na kuurudisha nyuma. Kikao kijacho ni Jumamosi saa nne, ofisi ya serikali ya mtaa. Majirani mnaosoma hapa, njooni, na mje na vipimo vya kuta zenu.